Maneno Matatu kwa Siku: Somo Tulilolipata Petta



Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tumeombwa tueleze jambo ambalo limeleta maneno mengi kwenye foleni ya maji. Watu wanauliza kwa nini siku hizi, ukipita karibu na darasa letu la lugha, unakuta watoto wanaongea wao kwa wao, mmoja ameshika daftari, mwingine anazunguka akiuliza wenzake, na mwalimu ameketi pembeni kama mgeni. Baba mmoja alikuja akasimama dirishani karibu nusu saa. Mwishowe akatuuliza, "Sasa walimu, nyinyi mnafundisha saa ngapi?"

Hatukukasirika. Baba ana haki. Amekimbia vita, mtoto amepoteza miaka miwili ya shule, halafu anaona mwalimu amekaa. Hata sisi tungeuliza. Lakini jibu lake ni refu kidogo na linaanzia mbali na hapa, linaanzia Petta.

Tulivyofika Petta

Wengi wenu mmetoka Sudan Kusini, Sudan na Kongo, na huenda hamjui sisi Wakenya tulifikaje huku. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa tarehe 27 Desemba 2007 ghasia zilizuka, nyumba zikachomwa, watu wakauawa. Kufikia Januari 2008 maelfu walikuwa wamevuka mpaka pale Busia na Malaba. Tukapelekwa kwenye kambi ya muda ya Mulanda, wilaya ya Tororo, na baadaye mwaka huohuo wa 2008 tukaletwa hapa Kiryandongo. Wawili kati yetu tunaoandika ukurasa huu tulikuwa na miaka saba na minane. Wakati wa palizi mama zetu walipata kibarua upande wa Petta, na kwa kuwa hapakuwa na wa kutuangalia, tulikwenda nao tukawa tunalala huko siku kadhaa.

Tororo ni mahali pa lugha nyingi. Wateso wana lugha yao, Wasamia wana yao upande wa Busia, na Petta ni nchi ya Jopadhola, ambao lugha yao ni Dhopadhola. Sisi tulijua Kikuyu na Kiswahili tu. Siku ya kwanza tulikaa chini ya mwembe kama mabubu. Watoto wa pale walitutazama, sisi tukawatazama, mpaka mmoja akatupiga na kokwa la embe na mchezo ukaanza.

Mama mwenye shamba tulilopalilia ndiye mwalimu wetu wa kwanza wa mambo haya, ingawa hakuwahi kukaa darasani hata mwaka mmoja. Alikuwa akipeleka simsim na karanga sokoni Busia. Pale mpakani wanunuzi wengi wanaongea Kiswahili, na yeye hakukijua. Siku moja alitajiwa bei, akasikia mwisho wa neno tu, akakubali kwa kichwa. Alidhani ameambiwa themanini kwa kila mkebe. Kumbe ni thelathini! Mkebe baada ya mkebe, thelathini. Alirudi nyumbani na pesa ambazo hazikutosha hata kununua mbegu nyingine.

Mwingine angesema basi, soko la Busia si la kwetu. Yeye alisema, nitaanza na namba.

Hakusubiri mtu amfungulie darasa. Aliamua mwenyewe aanze na neno gani, na aliamua kutokana na mahali palipomuuma. Kwanza namba, kumi mpaka mia. Halafu "ongeza", "punguza", "chenji yangu iko wapi". Maneno ya salamu nzuri nzuri ambayo vitabu huanza nayo aliyaacha kwanza, alisema salamu hata kwa mkono anaweza. Kila asubuhi tukiwa shambani alimwuliza mama mmoja wetu maneno matatu ya Kiswahili, na yeye akalipa kwa maneno matatu ya Dhopadhola. Jioni, wakati wa kupika, walipimana. Neno ulilokumbuka bila kusaidiwa unachora mstari wa mkaa kwenye ukuta wa jiko. Ulilosahau halichorwi, linarudi kesho. Ukuta wake ulikuwa na mistari mingi kuliko wa mama zetu, na aliwacheka sana kwa hilo.

Mume wake hakupenda. Alisema Kiswahili ni lugha ya askari na wezi. Tusimlaumu mzee. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na watu wengi wa rika lake walikisikia kwanza kutoka kwa askari wenye bunduki. Mama alimjibu kwamba yeye hataki kupigana na mtu, anataka kuhesabu.

Sisi watoto tukaiga mchezo wa ukuta. Tukachora mistari kwenye gome la mwembe. Maji ni pi. Nyumba ni ot. Mtoto ni nyathi. Hakuna aliyetuambia tusome, na hakuna aliyetutungia mtihani. Tulipohamishwa tulikuwa tunaelewa karibu kila kitu ambacho watoto wenzetu walisema, na matusi tulikuwa tumeyajua zamani.

Sasa sikieni maajabu. Tulipofika Kiryandongo tulidhani Dhopadhola yetu imekufa, maana Petta iko mbali. Lakini tukasikia Waacholi kisimani wanasema pi! Kumbe Dhopadhola na Kiacholi ni ndugu, zote ni lugha za Kiluo. Mtoto kwa Kiacholi ni latin, si nyathi, kwa hiyo si kila neno linafanana. Lakini tayari tulikuwa na mlango. Na zaidi ya maneno tulikuwa na ile njia: chagua matatu, uliza mtu, jipime jioni, weka alama. Njia hiyo hatukuiacha Petta pamoja na mwembe.

Wasomi nao wameliona

Msidhani hili ni jambo la shambani tu. Henri Holec, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nancy huko Ufaransa, aliandika mwaka 1981 katika kazi iliyotolewa na Baraza la Ulaya kwamba mwanafunzi wa lugha anapaswa kuwa na uwezo wa kushika mwenyewe hatamu za masomo yake: kuamua anataka kufika wapi, asome nini, kwa njia gani, na kujipima kama amefika. Hakusema mwalimu aende nyumbani akalale. Alisema uwezo huo mtu hazaliwi nao lazima, anaweza kuupata kwa kufundishwa. Hapo ndipo kazi yetu ilipo.

Kule Denmark mwalimu Leni Dam alianza miaka ya 1970 kuwapa vijana wake wa Kiingereza daftari la kuandika kila siku walichofanya, kilichowashinda, na watakachofanya kesho. Mtasema Denmark wana kila kitu. Haya, twendeni Kameruni. Mwalimu Kuchah Kuchah alifundisha Kiingereza kaskazini mwa nchi hiyo, kwenye joto kali, darasa moja lina wanafunzi zaidi ya 200 na vitabu ni vya kuhesabu. Aliona peke yake hawezi. Akawapa wanafunzi vikundi, wakawa wanaleta wenyewe maandishi ya Kiingereza waliyoyapata huko nje, na wakaamua pamoja naye namna ya kuyatumia. Tulipolisikia hilo tulicheka, maana sisi tuna 130 na tulidhani ndio tumeonewa kuliko wote duniani.

Tulivyoanguka mara ya kwanza

Muhula wa kwanza tulipojaribu hapa mambo yaliharibika, na ni vizuri mjue. Tuliingia darasani tukasema, "Leo kila mtu achague anachotaka kusoma." Basi. Watoto wakatutazama. Wamezoea kuambiwa andika, futa, nyamaza. Ukimwambia mtoto kama huyo chagua, anaona ni mtego. Wachache wakachora mpira. Wakubwa wakachukua chaki za wadogo. Siku ya tatu tulirudi kwenye kunakili ubaoni na tukaona aibu.

Tulikaa jioni tukajiuliza yule mama wa Petta alifanya nini ambacho sisi hatukufanya. Tukaona ni udogo wake. Hakuchagua "Kiswahili". Alichagua maneno matatu. Na alichagua akiwa na haja. Kwa hiyo tukabadilisha. Sasa dakika 20 za kwanza tunafundisha sote pamoja, ubaoni, kama wazazi wanavyopenda. Kisha kila mtoto anachagua maneno matatu au sentensi moja ambayo ataitumia kabla ya kulala, na anaandika nyuma ya daftari atamwambia nani. Si "nitajua Kiswahili". Ni "nitamwambia muuza nyanya anipunguzie". Kesho yake jirani yake anamwuliza, ulisema? Alikujibuje? Ndio hayo maongezi mnayoyasikia dirishani.

Kuna kijana mmoja kutoka Sudan, ana Kiarabu kizuri sana na aibu nyingi. Wiki nzima alichagua neno moja tu, "samahani". Tulitaka kumharakisha, tukajizuia. Baadaye akatuambia analitumia kila anapopita katikati ya watu kwenye ugawaji, kwa sababu siku moja alisukumwa na hakujua aseme nini. Hakuna kitabu kingetuambia kwamba neno lake la kwanza ni hilo.

Na makosa je? Hili ndilo swali gumu zaidi na tunakiri limetusumbua. Watoto wakifundishana wanapeana na makosa. Kundi moja zima lilikuwa linasema "mimi nakula jana", na kwa kuwa wote walisema hivyo walikuwa na uhakika kabisa. Tulikuta kosa limekaa wiki tatu. Sasa kila Ijumaa tunakusanya daftari za kundi moja, tunatafuta kosa linalojirudia, na Jumatatu zile dakika 20 zinaanza na hilo. Kwa maoni yetu hapo mwalimu anafanya kazi kubwa kuliko zamani, sema tu haionekani dirishani.

Taa ilipochukuliwa

Tungeweza kuishia hapo, lakini kuna jambo lililotufanya tuamini kweli. Wengi mnakumbuka lile darasa la jioni la watu wazima. Shirika lililokuwa likilisaidia lilimaliza mradi wake. Tulipewa wiki mbili. Halafu wakaja wakachukua taa ya sola, vitabu na ufunguo. Hatutaji jina, na waliokuja kuchukua walikuwa vijana wa kutumwa tu. Lakini iliuma. Tulikuwa na wanafunzi 41, wengi ni kina mama ambao ndio walikuwa wameanza kusoma kadi ya kliniki ya mtoto bila kumwomba mtu.

Tuliwaambia ukweli: hatuna chumba, hatuna taa, hatujui kama mwingine atakuja. Mama mmoja akauliza, "Na daftari, nalo wamechukua?" Daftari ni lake, tukamwambia. "Basi," akasema.

Wiki iliyofuata walikutana 17 kwenye nyumba ya mmoja wao, saa kumi, kabla ya kupika, wakati bado kuna mwanga. Hatukuwaita. Tulipata habari kwa watoto. Wengine 24 hawakuendelea, na hatuwezi kuwadanganya kwamba wote waliendelea. Kuna waliosema watangoja mradi mwingine. Lakini tulipoangalia tukaona jambo: karibu wote wale 17 walikuwa wale waliokuwa wanajichagulia maneno. Waliokuwa wananakili ubao tu, ubao ulipoondoka na wao hawakuwa na pa kushika. Makosa hayo ni yetu. Tuliwaacha wakanakili kwa sababu walikuwa wametulia na hawakutusumbua.

Ndugu zetu, sisi wakimbizi tunajua kuhamishwa. Leo uko hapa, kesho jina lako linaitwa kwenye orodha. Mradi unaisha, mwalimu wa kujitolea anapata kazi Bweyale anaondoka, posho ya chakula inapunguzwa na mtoto anatolewa shule asaidie kulima. Mtoto ambaye kusoma kwake kuko mikononi mwa mwalimu anasimama siku mwalimu anaposimama. Baba wa dirishani, hilo ndilo jibu letu.

Nyumbani mfanye nini

Wazazi wengi wanatuambia, mimi sikusoma, nitamsaidiaje? Yule mama wa Petta hakusoma. Jioni mwulize mtoto, "Leo umechagua nini na kwa nini?" Hilo la kwa nini ndilo lenye maana. Halafu mwambie akufundishe wewe hayo maneno matatu. Akishindwa kukufundisha, hajayajua, na atajigundua mwenyewe bila wewe kumchapa. Tafadhalini msimpigie kelele akisema anaanza na maneno ya soko au ya mpira badala ya yale ya kitabu. Ya kitabu atayafikia.

Mkitaka, fanyeni kubadilishana kama walivyofanya mama zetu. Jirani yako ana Kiacholi, wewe una Kiarabu cha Juba au Kilingala. Tatu kwa tatu. Wasichana wanaokosa darasa kwa sababu ya kulea wadogo wanaweza kufanya hivyo hapo hapo nyumbani, na kaka zao wawaletee maneno ya siku. Lakini na hao kaka wachukue zamu ya kubeba mtoto, tusidanganyane.

Wengine mnauliza Kiswahili kina faida gani huku wakati mtihani wa P.7 ni kwa Kiingereza. Ni kweli, na Kiingereza tunakisoma kwa njia hiyohiyo. Lakini katiba ya Uganda iliporekebishwa mwaka 2005 ilitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Walimu wake bado ni wachache. Mtoto akisubiri mpaka mwalimu wa Kiswahili afike shuleni kwake, anaweza kusubiri sana. Na sisi tunaokijua tuko hapa hapa, tunachota maji pamoja nanyi.

Mwaka juzi mmoja wetu alipita Petta akielekea Busia. Mwembe upo. Jiko lilishajengwa upya kwa matofali, kwa hiyo ile mistari ya mkaa haipo tena. Mama bado anauza simsim, na siku hizi mjukuu wake ndiye anamwandikia hesabu. Alimwuliza mwenzetu kama mama yake bado anakumbuka maneno ya Dhopadhola, akamwambia baadhi. Akataka kujua ni yapi hasa, akaanza kumpima palepale, na mwenzetu akashindwa manne kati ya kumi.

Kundi la wale 17 sasa linapokea wapya. Wanakutana Jumanne na Alhamisi saa kumi jioni, na ikiwa ni siku ya ugawaji wanaahirisha mpaka kesho yake. Njoo na daftari, hata lililotumika upande mmoja, na kalamu. Mwenye mtoto mchanga aje naye. Anayetaka kujua nyumba ni ipi aulize mwalimu yeyote wa kujitolea, au amwulize mtoto wa darasa letu, kwa Kiswahili tafadhali, apate mazoezi.